Chapa Mbili za Wimbo Mmoja

Santuri ilipofika katikati, Shekha aligonga ulimi mara mbili, ta, ta, kisha akatulia kama aliyesahau kitu. Ami Badi, aliyeketi mbele yake, aliinua macho tu, akayateremsha tena.

"Hiyo ndiyo chapa ya kwanza," alisema mzee wimbo ulipokwisha. "Sasa nitilie hii nyingine."

Walikuwa wawili tu katika duka la babake Shekha mjini Malindi, duka dogo la redio na santuri lenye feni mpya darini. Omar, babake, alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Mombasa. Ami Badi aliliuliza hilo mara mbili mlangoni kabla ya kukubali kuketi.

Wimbo ulikuwa wake mwenyewe. Aliuimba na kuupigia fidla zamani, ukachapwa santuri mia tatu, akawagawia marafiki nyingi kuliko alizouza. Mwaka huu ilikuwa imezuka chapa mpya, yenye karatasi nyekundu katikati, bila jina lake popote. Ilipigwa kwenye hoteli za Bofa na kuuzwa sokoni Kilifi, na yeye aliinunua kama mteja mwingine yeyote. Watu walisema aliyeutoa wimbo ni Joram, mwenye studio Kilifi, ambaye ndiye aliyeuhifadhi utepe wa asili. Joram aliapa kwamba hajaugusa.

"Wewe umesomea mambo ya sauti Nairobi," Ami Badi alisema. "Niambie tu, mwanangu. Hii mpya imetoka kwenye utepe wa Joram, au kuna mtu ametoa santuri yake ya zamani ikanakiliwa? Leo baada ya alasiri naenda Kilifi na wenzangu. Neno lako ndilo nitakalofika nalo mlangoni kwa Joram."

Shekha aliona haya. Mzee huyu alimbeba mgongoni alipokuwa mdogo, na leo anamngoja yeye aseme. Hata hivyo jambo lenyewe alilijua vizuri. Chapa iliyotoka kwenye utepe huwa safi. Iliyonakiliwa kutoka santuri nyingine huja na makovu yote ya ile santuri, ukayasikia mahali ambapo kidole hakiyapati.

Akaweka chapa mpya, akashusha sindano.

Fidla ilikuwa nyembamba zaidi, na sauti ya Ami Badi ilitoka kama iko nyuma ya pazia. Hilo peke yake halikuwa ushahidi. Plastiki mbovu nayo hufanya hivyo. Kisha wimbo ukafika pale fidla inaponyamaza ili mwimbaji abaki peke yake.

Ta, ta.

Shekha aliinua sindano. Alikwenda na santuri hadi mlangoni, akaiinamisha kwenye mwanga, akapitisha ukucha polepole mahali pale. Palikuwa laini. Mkwaruzo ulikuwa ndani ya wimbo.

Naye aliujua. Aliufanya mwenyewe akiwa na miaka saba, siku ya Idd, nyumba imejaa wageni wa babake. Alitaka kuwaonyesha kwamba anaweza kuweka sindano bila kusaidiwa, ikamponyoka, ikaikwaruza santuri ya wimbo huu. Wanaume walicheka. Yeye alikimbilia jikoni, akajificha nyuma ya mtungi wa maji mpaka Magharibi. Tangu hapo ndivyo walivyousikia wimbo huo nyumbani kwao, na ta, ta zake mbili, hata ulimi wake ukazoea kuzitia mahali zisipokuwapo.

Kabla ya Ramadhani babake aliitoa santuri hiyo kabatini. Alisema anaipeleka Mombasa kusafishwa. Shekha, na masomo yake yote, alimwamini.

Aliitazama ile feni mpya, iliyofungwa baada ya Ramadhani, kisha akajuta kuitazama.

"Vipi?" aliuliza Ami Badi. Hakuwa akiangalia gramafoni. Alikuwa akimwangalia yeye.

Shekha alimfikiria Joram, mtu ambaye hajapata kumwona, akifungua mlango na kukuta watu wamejaa barazani. Akamfikiria babake, aliyemsindikiza kituoni kila alipokwenda chuoni, akasimama juani mpaka basi lipotee, kofia mkononi.

"Ni safi, ami," alisema. "Hiyo kelele ni vumbi la sindano tu. Imetoka kwenye utepe."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi ni Joram."

Shekha alikuwa akiifuta santuri kwa pindo la leso yake, ingawa haikuwa na vumbi. Uso ulimwaka mpaka masikioni. Akajisikia akijibu, "Ndiyo, ami. Ni Joram."

Ami Badi alinyanyuka polepole. Alizipokea santuri zake, akazifunga pamoja katika kikoi kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Hakuonyesha hasira wala furaha. Alimshukuru, akamwombea heri, akamtaka amsalimie babake atakaporudi. Akafika mlangoni, akasimama, mgongo wake ukiwa bado umemwelekea Shekha.

"Idd ile ulipoangusha sindano," alisema, "nilimwambia babako, lete hiyo, nami nitakupa nyingine nzima. Akakataa. Akasema hii sasa ina alama ya mwanawe, ataijua popote atakapoisikia."

Akateremka ngazi moja.

"Hata mimi, Shekha."