Maandishi Chini ya Picha

Siku hizi kila kamera huandika yenyewe chini ya picha uhusiano wa waliomo, na kuyafuta maandishi hayo ni kosa. Kalunde, msanii mweusi tii, alikaa katikati ya uwanja wa Mnazi Mmoja akimsuka nywele binti yake Ines, aliyechukua rangi ya baba yake Mzungu. Hayo ndiyo yalikuwa maonyesho yenyewe. Nilipiga picha arobaini. Zote ziliandikwa: "Yaya na mtoto."

"Endelea tu kupiga, dada," Kalunde aliniambia. "Mpaka kamera ikubali."

Ines, aliyejifunza kusoma mwaka huu, aliniomba kamera, akayafuata maneno kwa kidole. Shuleni wamefundishwa kwamba kamera haikosei. Akamtazama mama yake kwa muda.

"Mama yangu anakuja saa ngapi?" akamuuliza.