Klachi ya Shebuge

Tunu alikaza skrubu ya mwisho ya kisanduku cha umeme chini ya dashibodi, akamgeukia mumewe. "Haya, Baba Mwanjaa, panda. Kazi ya kubadilisha gia tumekiachia hiki."

Shebuge alijivuta juu kwa mikono, mguu wa kushoto wa suruali umekunjwa gotini. Tangu akatwe mguu, lori lake kuukuu la dizeli lilikuwa limegeuka banda la kuku pale uani. Leo kuku wametimuliwa. Akawasha, lori likanguruma, majirani wakapiga vigelegele.

"Kanyaga mafuta tu!" Tunu alipaza sauti, akirukia kiti cha pembeni.

Wakashika njia ya mlimani, moyo ukimdunda Shebuge kama siku ya harusi. Injini ilipoanza kulemewa, mkono wake ukakimbilia gia kwa mazoea. Tunu akaudaka, akaung'ang'ania.

Hapo Shebuge akausikia mguu wa kushoto, ule waliouzika, ukikanyaga klachi ambayo Tunu alikwisha kuing'oa. Gia ikaingia.

"Imeingia yenyewe!" Tunu akashangilia.

"Yenyewe wapi! Nimekanyaga mimi," akajibu Shebuge huku akicheka, na kwenye kona iliyofuata akakanyaga tena.