Kanga na Jirani Asiyesali

Alikuwapo Kanga, mcha Mungu asiyekosa sala, aliyewaonya wenzake juu ya jirani yake Kakakuona: "Asiyesali hana haya, atakula hata mayai yenu." Ila kila alfajiri alimwombea aongoke.

Ukame ulipozidi, Kanga akawaongoza wanyama mlimani kuomba mvua. Mvua ikaja kweli, tena ya mawe. Akakumbuka mayai aliyoyaacha kiotani, akatimua mbio akilia.

Akamkuta Kakakuona amejikunja juu ya kiota, mawe yakimgonga magamba.

"Nani kakutuma, nawe humwogopi Mungu?"

"Yangevunjika, dada. Ningemngoja nani anitume?"

Kanga akayapapasa mayai. Yote mazima, yana joto.

Alfajiri akasali kama kawaida: "Ahsante, Mola, kwa jirani huyu. Sasa niongoe mimi."