Mpini wa Mashine ya Alizeti

Siwema alisimama kwenye kizuizi cha mpaka, akiuhamisha mpini wa chuma kutoka mkono huu hadi ule. Mashine ya kukamulia alizeti, aliyoinunua pamoja na Feza, ilikaa ng'ambo kwa Feza. Mpini ulilala kwa Siwema, ili asikamue mmoja bila mwenzake. Leo mpaka ulikuwa umefungwa, na ng'ambo wateja walianza kuondoka na madumu matupu.

"Havuki mtu," askari alisema.

"Na mpini?"

Askari akatazama pembeni. Siwema akaupitisha juu ya kizuizi. Feza, aliyekuwa amesimama upande wa pili, akaushika.

"Ukiniachia huu, dada, utabaki na nini?"

"Nenda ukakamue. Watu wanaondoka."

Feza akauvuta. Haukuja. Siwema akatazama mkono wake; vidole bado vilikuwa vimeung'ang'ania.