Pete Iliyogoma Kung'aa

Kinyozi alichovya kidole kwenye kopo la mafuta ya nywele, akachungulia mlangoni, kisha akaipaka pete ya mama yake. Jiwe la kijani, lililokuwa limefifia kidogo, likafifia kabisa, likawa kama jicho la samaki wa juzi.

"Mama!" akaita kwa majonzi ya kutengeneza. "Pete imechafuka tena!"

Hiyo ndiyo ilikuwa tiketi yake ya kwenda kwa sonara. Si kumwona sonara mwenyewe, mzee mwenye sura ya kufukuza wateja, bali binti yake, aliyekaa kwenye meza ya kusafishia vito. Kila wiki kinyozi alipeleka pete, na kila wiki binti alimpa somo lile lile, naye akalisikiliza kama taarifa ya habari.

"Hii si zumaridi, kaka, ni kito kingine kiitwacho garneti. Garneti si nyekundu tu. Inataka maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, brashi laini. Usiichemshe. Usiiweke pamoja na almasi, itachubuka. Na usijaribu kuisafisha mwenyewe, hasa nyuma ya jiwe. Huko niachie mimi."

"Nani kakwambia nina mpango huo?"

Binti alicheka, akampa mgongo, akasugua, akasuuza haraka haraka, akamrudishia pete ikimeremeta, ingali na majimaji. Hakuwahi kuuliza mafuta ya kinyozini yanafikaje kwenye kidole cha mama wa watu. Kinyozi alimshukuru Mungu kwa kuumba msichana mzuri asiye na udaku.

Ila leo mama alijitanda khanga, akavaa viatu.

"Nakwenda mwenyewe. Kupika, naivua. Kufua, naivua. Nailaza kwenye kimfuko chake kama mtoto mchanga. Kwa nini ing'ae siku mbili tu? Huyo binti ama kaniharibia jiwe, ama kazi haijui."

Kinyozi alimfuata nyuma, miguu mizito kama anapelekwa kuchomwa sindano.

Bahati mbaya, dukani walimkuta sonara mwenyewe. Mama akamshushia yote, bila kituo. Mzee akamgeukia binti yake.

"Nilikwambia. Ukiniharibia kazi ya mteja, meza hii huikalii tena. Kesho utarudi kwa shangazi yako ukauze viatu."

Binti alitazama vidole vyake tu.

Kinyozi akaona meza tupu, duka tupu, wiki tupu.

"Si yeye!" akaropoka. "Ni mimi. Naipaka mafuta ya nywele, ili... ili nipate sababu ya kuja."

Mama akashika kiuno.

"Pete niliyoachiwa na bibi yako umeifanya kichwa cha mteja?"

"Nisamehe, mama. Na wewe mzee, mwache binti yako. Hana kosa lolote."

Sonara aliichukua pete, akaifuta kwa kitambaa, akaigeuza, akabana lenzi jichoni na kuchungulia nyuma ya jiwe. Akachungulia tena, kama mtu asiyeamini.

"Mafuta yako haya hapa, kijana. Yametoka yote kwa kitambaa," alisema taratibu. "Ninachotaka kujua ni nani aliyepaka sabuni huku nyuma ikakaukia na kulififisha jiwe, tabaka juu ya tabaka, wiki baada ya wiki, kwa ile brashi yangu nyembamba ninayoifungia kwenye droo."

Binti akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka, na hakuinuka.