Mshale wa Saa Tatu

Ukifika miaka sabini, sheria inataka wewe na mwenzako muulizwe kila mwaka, kila mmoja kuhusu akili ya mwenzake. Anayeonekana kupungukiwa huhamishiwa Nyumba ya Utulivu, peke yake.

Mke wangu, Sikudhani, alikuwa ameanza kutia chumvi kwenye chai. Kwa hiyo wiki nzima nilimfundisha kusoma saa, asije akakosea siku ya maswali, mimi niliyemaliza shule ya jioni nikiwa tayari na mjukuu. Nilimchorea saa tatu asubuhi, mshale mfupi ukielekea kwenye tatu.

"Baba Stumai," alisema taratibu, "saa tatu mshale mfupi hukaa kwenye tisa."

"Nilikuwa nakupima."

"Haya, mwalimu," akacheka, akanimiminia chai. Nikainywa hivyohivyo na chumvi yake.

Jana kisanduku cha serikali kiliwekwa mezani kwetu.

"Mkeo anapika kama alivyopika miaka kumi iliyopita?" kiliniuliza.

"Vilevile. Labda amezidi."

Chini ya meza nilimbana mkono, kama nifanyavyo kila mwaka ninapoongopa kwa ajili yake, asije akacheka au akalia.

Kisha kikamgeukia yeye. "Mumeo bado anajua kusoma saa? Anakumbuka majina ya wajukuu?"

"Huyu? Msomi wangu huyu?" Sikudhani alikiinulia kidevu kile kisanduku. "Vilevile kabisa."

Nikatabasamu kwa fahari. Ndipo nikahisi, chini ya meza, vidole vyake vikinibana mkono kwa nguvu.