Kanga na Pasi ya Magharibi

Wanyama walipoanza kutumia umeme, mtaa mzima ulitegemea transfoma moja, tena ndogo. Kanga, mpenda kutazamwa, alikuwa amealikwa harusi ya binti wa Mama Paa usiku huo. Alishinda amelala, na magharibi, kila jiko la mtaa likiwa limewashwa, ndipo akachomeka pasi.

"Shoga, ngoja kwanza watu waipue," jirani yake Nungunungu akamsihi dirishani. "Saa hizi umeme umeelemewa. Ungepiga pasi mchana."

"Nguo ya kupigwa pasi mchana, jioni imeshajikunja! Nataka nikiingia ukumbini wote wageuke."

Akaongeza moto. Gauni likanyooka likang'aa. Alipomalizia pindo, pu! Transfoma ikazima, mtaa ukawa giza totoro.

Harusi haikungoja umeme. Kanga akaingia kwa madaha, kidari mbele, akajizungusha katikati ya ukumbi. Hakuna aliyegeuka.

"Nani huyo?" Mama Paa akauliza gizani.

"Mimi Kanga."

"Karibu, shoga. Sogea ukutani, usije ukakanyagwa."

Kabla hajasogea, ukwato wa mgeni mmoja ukatua juu ya lile pindo.